Kuishi Miaka 150: Nani Atatuchotea Maji?

Wiki ile ya gwaride la Beijing, Septemba 2025, kundi la WhatsApp la ukoo wetu halikulala. Mjomba aliye Kongwa ndiye aliyeanza, kwa kurusha sauti iliyonaswa maikrofoni ikiwa wazi: Rais Xi Jinping wa China na Rais Vladimir Putin wa Urusi wanatembea pamoja, mkalimani wa Putin anasema viungo vya mwanadamu vinaweza kupandikizwa tena na tena mpaka mtu azidi kuwa kijana, hata asife, Xi anajibu kwamba wapo wanaotabiri binadamu ataweza kuishi miaka 150 ndani ya karne hii.

Majibu yakamiminika. Shangazi akaandika, "Hao wanashindana na Mungu." Binamu mwenye duka la vipuri pale Majengo akasema dawa ipo siku nyingi, matajiri wanaificha. Mdogo wetu anayesomea uuguzi akauliza mbona tunashangaa, hata hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanapandikiza figo. Mwingine akatuma tangazo la vidonge vya "kurudisha ujana", na bei yake. Mjomba akafunga kwa kusema wazee wa zamani walikula uwele na mlenda wakaishi miaka mia bila dawa ya mtu. Saa tano usiku mama mdogo akaandika kutoka Mvumi: "Mnaongelea miaka mia na hamsini. Mama hapa hajui nani atamchotea maji kesho."

Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikumjibu usiku ule, na ndiyo maana naandika.

Kwanza tuchambue lugha, kwa sababu usiku mmoja tulichanganya mambo manne, kila mtu akimjibu mwenzake kwa jambo ambalo mwenzake hakulisema. Kuna wastani wa umri wa kuishi, ambao ni hesabu ya taifa: ukichukua wote wanaozaliwa leo, kwa hali ya vifo iliyopo leo, kila mmoja angeishi miaka mingapi kwa wastani. Kuna ukomo wa umri: mtu mmoja akienda mbali kabisa, anafika wapi. Kuna miaka ya afya, ile ambayo mtu anaamka kitandani mwenyewe, anaona, anakumbuka, anakwenda shamba au kanisani kwa miguu yake. Na kuna kutokufa. Hili la mwisho naliweka pembeni mapema. Hakuna maabara iliyolikaribia, na hata mtu ambaye mwili wake hauzeeki kabisa bado angeweza kufa kwa ajali ya bodaboda, kwa nyoka au kwa malaria.

Wastani ndio unaotuchanganya zaidi. Chukua mama aliyejifungua pacha. Mmoja anafariki siku ileile, mwenzake anaishi hadi miaka 80. Wastani wa watoto wa mama yule ni miaka 40, ingawa katika nyumba ile hakuna aliyekufa akiwa na miaka 40. Ndivyo ilivyokuwa Tanganyika wakati wa uhuru, wastani ulipokuwa miaka arobaini na kitu. Wazee walikuwepo. Waliokosekana ni watoto, waliozikwa kabla hawajapewa hata jina la ukubwani. Leo wastani wa Tanzania umevuka miaka 65, na sehemu kubwa ya safari hiyo imetoka kwa watoto hao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004/05 ulikuta watoto 112 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 43. Chanjo, chandarua, dawa ya mseto, chumvi na sukari ya kuharisha, mkunga mwenye glovu. Hiyo ndiyo teknolojia ya kurefusha maisha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, na sijawahi kumsikia mtu akisimama kanisani kwetu kuilalamikia.

Kuhusu wazee wa zamani, nampenda mjomba lakini hapa amekosea. Sisi tunawakumbuka waliofika uzeeni, kwa sababu hao ndio tuliowakuta. Wenzao wengi walioondoka mapema hawakutusimulia kitu. Tena umri wenyewe haukuandikwa. Ugogo mtu alizaliwa "kabla ya Mtunya" au "baada ya Mtunya", ile njaa kuu ya 1917 hadi 1920, jeshi lilipokuwa limekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka na mvua zikagoma. Wengine umri wao ni wa karanga, mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa kuanzia 1947, ulioachwa miaka michache baadaye. Bibi yetu ni wa karanga: anasema alikuwa tayari anachunga ndama matrekta yalipofika. Kitambulisho chake kinasema 1938, mwaka uliowekwa kwa makadirio. Kwa hesabu ya namna hiyo, mzee wa miaka 85 huitwa wa miaka 100 bila mtu kusema uongo.

Mtu aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa ushahidi wa maandishi ni Mfaransa, Jeanne Calment, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Hakuna mwingine mwenye kumbukumbu zilizothibitishwa aliyevuka 120. Kwa hiyo dunia imepandisha wastani sana, lakini ukomo umekaa palepale. Anayetabiri miaka 150 anatabiri jambo la aina nyingine kabisa, na ili kuona kwa nini, inabidi tuulize kuzeeka ni nini.

Waliokulia kwetu wanaijua tembe. Paa lake ni udongo uliokandikwa juu ya fito na nguzo. Kila mwaka kabla ya mvua za Desemba mwenye nyumba hupanda juu, huziba nyufa, huongeza udongo, hung'oa fito iliyoliwa na mchwa na kuweka mpya. Tembe inayotunzwa hivyo hukaa miaka mingi. Inaanguka pale uharibifu unapoukimbia ukarabati: ufa mmoja unaachwa, maji yanaingia, nguzo inaoza, nguzo iliyooza inaelemea jirani yake. Mwili nao unajikarabati kila siku, usiku na mchana, na ujanani ukarabati unashinda. Shida ni kwamba fundi wa mwili anaishi ndani ya nyumba hiyohiyo, naye anazeeka pamoja nayo.

Hii inaeleza jambo alilolipata Benjamin Gompertz, mwanahesabu wa Uingereza aliyefanya kazi ya bima, mwaka 1825: kwa mtu mzima, hatari ya kufa haiongezeki kidogo kidogo kwa kujumlisha, inaongezeka kwa kuzidisha. Kwa makadirio ya leo inakuwa maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Ndiyo maana hata saratani zote zingetoweka kesho, wastani wa umri ungepanda miaka michache tu. Ukiokoa nguzo moja, ya pili nayo imeshaliwa. Na ndiyo maana watafiti wameanza kuacha kufukuza ugonjwa mmoja mmoja na kumtazama mchwa mwenyewe.

Sasa turudi kwenye sauti ya Beijing. Njia ya kwanza, kupandikiza kiungo, ni kubadilisha nguzo. Mdogo wetu muuguzi alikuwa sahihi: Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na baadaye ikaanza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Mtu aliyekuwa akifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki anarudi kazini. Ni jambo kubwa, na limefanyika hapa, karibu na mashamba ya zabibu. Lakini figo iliyopandikizwa hudumu miaka kumi na kitu, ikibahatika ishirini na zaidi, na mpokeaji humeza dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Kila upasuaji kwa mtu mzee una hatari yake. Mishipa ya damu inaendelea kuzeeka. Na ubongo hakuna anayeweza kuubadilisha akabaki mtu yuleyule. Huwezi kufika miaka 150 kwa kubadilisha nguzo huku udongo wa paa ni uleule.

Tena nguzo hiyo inakatwa wapi? Kwetu inatoka kwa ndugu aliye hai: kaka, dada, mzazi. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Njia ya pili ni kumpunguza mchwa kasi. Mwaka 1964 wanasayansi waliochukua udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, kule Pasifiki, walibeba bila kujua bakteria anayetengeneza dawa iliyokuja kuitwa rapamisini, kwa jina la kisiwa. Mwaka 1999 Marekani iliiruhusu kwa kazi ya kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Miaka kumi baadaye panya wa maabara waliopewa dawa hiyo wakiwa tayari wazee, wazee wa kulinganishwa na binadamu wa miaka 60, waliishi zaidi: madume kwa takriban asilimia 9, majike kwa takriban asilimia 14. Dawa ileile! Ndani ya seli inafanya kama tangazo la njaa: inaiambia seli iache kujenga kwa pupa, itulie, ifanye usafi na kutumia upya mabaki yake. Lakini ni dawa inayogusa kinga ya mwili. Panya wa maabara anaishi kwenye sanduku safi, hana kifua kikuu wala malaria. Mtu wa Bahi hana sanduku hilo.

Metifomini, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanaijua kwa sura na kwa ladha, nayo inatajwa. Watafiti wa Marekani wamependekeza jaribio kubwa la kuona kama inachelewesha magonjwa ya uzeeni kwa watu wasio na kisukari. Pendekezo la jaribio si matokeo. Asiye na kisukari asinunue metifomini ili asizeeke, na mwenye kisukari asimgawie jirani vidonge vyake.

Vile vidonge vilivyotumwa kwenye kundi letu havimo katika orodha hii. Nimesoma kibandiko chake: vitamini, unga wa majani, na ahadi. Nchi hii tuliwahi kuona mwaka 2011 magari yakipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wapo waliotupa dawa zao za hospitali njiani. Sitawacheka waliokwenda, mtu anayeugua haendi kutafuta upuuzi, anatafuta uhai. Lakini anayeuza ujana kwenye basi la Singida anajua vizuri anachofanya.

Njia ya tatu ndiyo inayowasha mawazo ya matajiri. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kuwa seli ya ngozi ya panya mzima, ikiwashiwa jeni nne tu, inarudi kuwa kama seli ya kiinitete, tayari kuanza maisha upya. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Mkulima wa Hombolo hawezi kushangaa sana. Anajua kwamba pingili iliyokatwa kwenye mzabibu uliochoka, ukiichomeka ardhini, inachipua mche mchanga. Uzee wa mama haukuifuata. Swali ni kama unaweza kufanya hivyo kwa mzabibu mzima bila kuukata, na hapo kuna hatari kubwa: seli iliyorudishwa nyuma kupita kiasi inasahau kazi yake, inagawanyika tu. Seli inayogawanyika tu bila kukumbuka kazi yake tunaijua kwa jina lingine. Ni saratani.

Mwili una breki kwa ajili hiyo. Mwaka 1961 Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara zinagawanyika mara 40 hadi 60 hivi kisha zinasimama. Sababu moja ni telomea, sehemu za mwisho za nyuzi za urithi, zinazofanana na pindo la kanga: kila kufua kunalila kidogo, na siku likiisha kitambaa chenyewe kinaanza kufumuka. Saratani nyingi zimejifunza kulishona pindo upya kila mara. Ndiyo maana seli za kwanza za binadamu zilizoishi maabara bila kufa zilitoka kwenye uvimbe.

Zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi wa watoto watano, aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali moja ya Baltimore mwaka 1951. Alifariki mwaka uleule, akiwa na miaka 31. Seli zake bado zinagawanyika hadi leo katika maabara za dunia nzima. Zilisaidia kupima chanjo ya polio, na kuna kampuni zilizoziuza. Yeye hakuombwa ruhusa, na familia yake ilikuja kufahamu miaka ya sabini. Nikisikia mtu anauliza ni kiumbe gani wa kibinadamu amepata kutokufa, jibu langu ni vipande vya mwili wa mwanamke ambaye hakuulizwa.

Hapo ndipo maadili yanapoanzia kwangu. Swali lenyewe si kama kurefusha maisha ni dhambi.

Shangazi asikasirike. Najua Zaburi ya 90 inataja miaka sabini, na themanini kwa wenye nguvu. Najua pia ndugu zetu wa Kondoa wana hadithi ya Mtume inayowahimiza watu kujitibu kwa kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa yake, isipokuwa mmoja: uzee. Mimi si mchungaji wala shehe. Naona tu kwamba Hospitali ya Mvumi ilijengwa na Kanisa Anglikana, na kila chanjo inayochomwa pale inasukuma kifo mbele bila mtu kuona kwamba Mungu ameingiliwa. Anayeamini kuwa mwisho uko mikononi mwa Mungu ataendelea kuamini hivyo hata kama mwisho huo ni miaka 95 badala ya 75.

Hofu ya dunia kujaa pia naipita haraka. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu milioni 2.08 katika sensa ya 2012 na milioni 3.09 katika ile ya 2022. Waliotujaza ni watoto waliozaliwa na watu waliohamia makao makuu. Wazee waliogoma kufa hawaonekani katika hesabu hiyo.

Swali la nani atafikiwa ndilo zito, na hatuhitaji kulibuni, tumeshaliishi. Mwaka 1996 madaktari wa nchi tajiri walianza kutumia dawa za mchanganyiko za kufubaza virusi vya UKIMWI, na watu waliokuwa wanakufa wakaamka vitandani. Kwetu mpango wa kutoa dawa hizo bure ulianza mwaka 2004. Miaka minane. Kila ukoo wa nchi hii una makaburi ya miaka minane ile. Sayansi ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Kilichobaki ni bei na nia. Kwa hiyo anayeniambia kwamba dawa ya uzee ikipatikana itatufikia tu kama simu zilivyotufikia, namwonyesha makaburi hayo. Siamini nadharia ya binamu yangu kwamba dawa imefichwa. Imani yangu ni mbaya zaidi: haitahitaji kufichwa. Itawekwa dirishani, na bei yake itaandikwa chini.

Mmarekani Bryan Johnson, tajiri aliyetangaza kwamba anatumia karibu dola milioni 2 kwa mwaka kupambana na uzee wake, mwaka 2023 aliwekewa majimaji ya damu ya mwanawe wa miaka 17. Baadaye alisema mwenyewe hakuona faida. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeshaonya mwaka 2019 dhidi ya biashara ya majimaji ya damu ya vijana. Simtaji ili kumlaumu. Kijana yule alikubali. Namtaja kwa sababu picha ile, ya mtoto mkononi mwake sindano na baba kitanda cha pili, inasema wazi jambo ambalo kwa kawaida linafichika. Miaka ya nyongeza inatoka kwa mtu. Figo inatoka kwa dada. Seli zilitoka kwa Henrietta. Na maji ya Bibi yanatoka kisimani kwa mikono ya nani?

Nisimulie. Miaka minne Bibi alikuwa haoni vizuri. Alitembea akipapasa ukuta. Kila tulipompeleka zahanati tuliambiwa, "Bibi, ni uzee tu huo," tunarudi na dawa za maumivu. Tuliridhika, jambo ambalo naliona aibu hadi leo. Kisha ikaja kambi ya macho. Daktari kijana akammulika na kusema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji haukufika saa moja kwa kila jicho: lenzi iliyopata ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia. Bandeji ilipofunguliwa alimtazama mama mdogo muda mrefu, akasema, "Kumbe umeota mvi." Wiki ile ile alikuwa anapepeta uwele mwenyewe.

Maneno yale, "ni uzee tu", yana madhara kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilipokuwa linatayarisha orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, liliweka "uzee" kama hali ya kuandikwa kwenye rekodi za wagonjwa. Wataalamu na vyama vya wazee walipinga, wakihofia kwamba daktari akishaandika uzee hatatafuta tena ugonjwa wenyewe, na neno likaondolewa. Kwa upande wa pili, watafiti wanaotaka kutengeneza dawa wanataka uzee utambuliwe kama kitu kinachotibika, kwa kuwa bila hivyo hakuna mamlaka itakayoidhinisha dawa yake. Wote wana hoja. Mimi nasimama na Bibi: mpaka pale jicho, sikio, shinikizo la damu na goti la kila mzee wa Chamwino vitakapokuwa vimeangaliwa, miaka ya afya iliyo karibu zaidi na sisi haiko katika maabara ya California. Iko kwenye kambi ya macho.

Lakini kuona hakumalizi kazi. Bibi sasa anakaribia miaka 90, magoti hayampandishi tena mlima wa kisima. Baada ya upasuaji alihitaji mtu wa kukaa naye. Aliyechaguliwa ni binti wa binamu yangu, kidato cha pili. Alirudishwa kijijini "kwa muda", na muda ule ukawa mwaka na nusu. Alichota maji, alipika mlenda, alimwogesha, alimsomea Biblia jioni. Sote tulimsifu kwa upole wake, na hakuna aliyemuuliza. Wiki ya gwaride la Beijing alikuwa ameondoka, amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi za ndani, na ndiyo maana mama mdogo aliandika saa tano usiku.

Zanzibar tangu mwaka 2016 kila aliyefika miaka 70 analipwa pensheni jamii, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna ya namna hiyo kwa wote. Sera yetu ya wazee inatoa matibabu bila malipo kwa wasiojiweza, ambalo ni jambo jema, lakini mzee anakaa hospitali siku mbili na nyumbani siku mia tatu na sitini. Huko nyumbani sera yetu ni binti. Ukiongeza miaka kumi kwa kila mzee bila kugusa hilo, umeongeza miaka kumi kwa binti pia, na yake ni ile ya kuanzia kumi na tano. Wanaotaka kurefusha maisha waniambie wameweka nini kwenye hesabu kwa ajili yake, nami nitawasikiliza kwa moyo mweupe, kwa sababu nampenda Bibi na sitaki afe.

Nilipokwenda Mvumi nilimuuliza mwenyewe kama angependa kufika miaka 150. Alifikiri. Akauliza kama magoti yatakuwa haya. Nikasema wanasema watayatengeneza. Akauliza kama rafiki zake nao watarudi. Nikanyamaza. Akasema, "Basi niongezee hadi yule mtoto amalize shule, nione ananisomea barua yake mwenyewe."

Tumempata yule mtoto. Hakutaka kurudi kidato cha pili na watoto wadogo. Amejiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima hapa mjini, anakaa kwangu. Kundi la ukoo sasa lina orodha ya michango ya kumlipa mama jirani anayemwangalia Bibi siku za wiki, na orodha ya zamu za mwishoni mwa wiki. Mjomba wa Kongwa alikuwa wa kwanza kuandika jina lake. Zamu yangu ni Jumamosi ya pili ya kila mwezi: madumu manne ya lita ishirini, asubuhi kabla jua halijapanda, na jioni mawili ya nyongeza kama kuna nguo za kufua.